Pigo Moja Katika Kitabu cha Besiboli

Mwaka jana nilikwenda Durban kwenye harusi ya Grâce, binti wa mwisho wa Maman Clarisse aliyenipangisha chumba enzi za masomo, nikaketishwa meza moja na Dieudo, ambaye sikuwa nimemtia machoni kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa amekuja kutoka Lubumbashi na suti ya buluu iliyombana tumboni, na kabla hata hajanisalimu akaniuliza kama bado nina ugonjwa wangu wa kusahihisha watu. Nikamwambia sasa ninalipwa mshahara kwa ugonjwa huohuo, maana ni mwalimu wa hisabati Tanga. Akacheka kile kicheko chake cha kurusha kichwa nyuma, na papo hapo ukumbi wote, pamoja na maua ya plastiki na keki ya ghorofa tano, ukanipotea. Nikajiona niko tena mwaka 2010, nina miaka ishirini na minne, nimeshika penseli, na watu wote uwanjani wananingoja mimi. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika Durban kusoma nitaziacha, kwa kuwa hazina ajabu yoyote. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, ule ambao kwa bahati ya kuchekesha kabisa nilikuwa mtu wa maana katika mchezo wa besiboli.

Tuliishi Berea, juu kilimani, katika nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao iliyolia kila ukiikanyaga, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kwenda jikoni kudokoa andazi bila nyumba nzima kujua. Maman Clarisse ndiye aliyeikodi yote akatupangisha vyumba, na mwenyewe akisuka wanawake nywele barazani tangu asubuhi. Baraza lile lilikuwa redio yetu. Nani amepata karatasi za kuishi nchini, nani ameachwa, mchungaji gani amenunua gari, yote yalinifikia kupitia dirishani nikijifanya nasoma. Tumbili walishuka kutoka paani kuiba ndizi, naye aliwafukuza kwa Kifaransa, kwa imani yake kwamba Kiswahili hawakisikii. Chumba changu na cha Dieudo, mdogo wake, vilitenganishwa na ubao mwembamba tu, na kila jioni kabla ya chakula nilisikia kitu kikigonga upande wa pili: puu, kimya, puu, kimya. Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili nikaenda kugonga mlango.

"Kaka, samahani, hivi unafanya nini humu?"

"Minafanya mazoezi, dada Rehema. Nimechora ka-rond kadogo ku mulango ya kabati. Minatupa chaussettes."

"Unatupa soksi?"

"Zenye maji. Zile za kukauka haziende droit, zinapinda."

Akanionyesha. Alisimama mbali kadiri chumba kilivyoruhusu, akainua mguu wa kulia, mkono wa kushoto ukazunguka kama wa mtu anayefungua mlango kwa haraka, na soksi ikapiga katikati ya duara. Akarudia mara nne, mara zote palepale. Mimi ni mtu wa kutoamini vitu, nikamwambia arudie mara tano zaidi nihesabu. Kumi kwa kumi. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno besiboli likitamkwa na mtu aliyelimaanisha. Dieudo alikuwa fundi wa simu mjini, na siku moja alirusha betri mbovu kwenye ndoo iliyokuwa upande wa pili wa duka, juu ya vichwa vya wateja, bila hata kuangalia. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake akamuuliza kama anaweza kufanya hivyo tena. Mteja yule alikuwa anachezea timu, na Jumapili iliyofuata Dieudo akawa mrushaji wao, yaani yule anayesimama katikati na kumrushia mpira mpigaji wa upande wa pili ili asiweze kuupiga.

Nilikwenda kumtazama kwa sababu ya uvivu wa Jumapili, nikajikuta nyuma ya wavu, karibu na meza ambapo Anko Siva alikuwa akiandika. Anko alikuwa Mhindi wa Chatsworth, mtaa wa Wahindi pale Durban, mstaafu, mwenye kofia iliyopauka na sauti ya mtu aliyewahi kuwa mkubwa wa kiwandani. Siku hiyo alikuwa akifanya kazi ya mwandishi wa mechi, kazi ya kuweka katika kitabu kila kinachotokea uwanjani. Sikuelewa chochote katika alama zake, lakini mistari na jumla naielewa hata usingizini, na nikaona jumla ya safu moja haikulingana na nyingine. Nikajizuia dakika tano nzima. Kisha nikanyoosha kidole juu ya bega lake na kumwambia hapo umekosea. Akageuka, akanitazama tangu kichwani hadi viatuni, akahesabu upya, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasema, kwa Kiingereza chake cha Chatsworth kilichoviringika, kwamba magoti yake yamechoka kukaa, kwamba anapenda zaidi kusimama uwanjani kama refa, na kwamba amekuwa akitafuta mtu mwenye roho mbaya kama yangu kwa miaka.

Akanifundisha mezani kwa Maman Clarisse. Alikuja kila Jumamosi mchana na bani chow ya maharage, ule mkate uliotobolewa katikati na kujazwa mchuzi, naye Maman Clarisse akaweka pembeni pondu, yaani kisamvu, na makayabo, samaki wao wa chumvi, na wote wawili wakadai chakula cha mwenzake kina pilipili kidogo mno huku machozi yakiwatoka. Nilijifunza kwamba timu hupokezana kupiga kwa awamu tisa, na kwamba mpigaji akigonga mpira vizuri akafika kituo cha kwanza kabla ya kutolewa, hilo huandikwa pigo. Lakini akifika kwa sababu mchezaji wa upande wa pili ameuvuruga mpira ambao angeweza kuukamata, haliandikwi pigo, linaandikwa kosa. Na nani anaamua? Nilidhani refa. Anko akatikisa kichwa, akanyonya mchuzi kidoleni.

"Mimi refa nasema ametoka au hajatoka, basi. Pigo au kosa, hiyo ni ya mwandishi peke yake. Hata mimi siruhusiwi kukuingilia."

Kisha akatuambia habari za rekodi kubwa za Amerika, maana alizijua zote kama wengine wanavyojua tenzi za kanisani. Kulikuwa na yule aliyecheza mechi zaidi ya elfu mbili na mia sita bila kukosa hata moja, jambo lililomfanya Maman Clarisse aulize kama mtu huyo hakuwa na misiba kwao. Kulikuwa na mrushaji aliyewatoa wapigaji ishirini na saba kati ya ishirini na saba katika fainali ya mwaka 1956. Na kulikuwa na mpigaji aliyepata pigo katika mechi hamsini na sita mfululizo mwaka 1941, ambaye mpaka leo, alisema Anko, wako wanaobisha kwamba siku moja mbili hivi mwandishi alimwonea huruma. Mimi niliishika hiyo ya mwisho. Niliona kwamba nyuma ya kila rekodi ya ajabu pameketi mtu asiyejulikana na penseli yake, na dunia nzima inamwamini. Katika mji ule nilikuwa mgeni ambaye hata dereva wa taxi alinisahihisha nilipotaja jina la mtaa. Lakini Jumapili, wanaume wenye mabega mapana walikuja mezani kwangu, wakavua kofia na kuuliza: "Sister, umeandika nini pale?" Nikawaambia, nao wakaondoka wameridhika. Sioni aibu kukiri kwamba nilikipenda kile kiti kuliko kitu chochote kingine nilichokuwa nacho Durban.

Dieudo naye alikuwa na lake. Katika chumba cha kubadilishia nguo cha klabu kulikuwa na ubao wa mbao ulioandikwa kwa rangi nyeupe majina ya warushaji waliomaliza mechi nzima bila upande wa pili kupata pigo hata moja. Majina yalikuwa manne tu. Dieudo alisimama mbele ya ubao ule kila Jumapili kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Kibali chake cha ukimbizi kilibidi kifanywe upya kila baada ya miezi michache, kwa foleni ya tangu alfajiri, na katika vibali vitatu vya mwisho jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu, moja ikimfanya mwanamke.

"Ile ubao hakuna kui-renew," aliniambia siku moja tukisubiri robot, taa ya barabarani kama wanavyoiita kule, iwe kijani pale chini ya kilima. "Banakuandika na peinture, imekwisha. Hata ukikufa uko pale."

"Basi pata mechi moja bila pigo," nikasema.

"Nitapata. Na weye njo utaandika."

Juni ikafika, na Kombe la Dunia. Mji ulijaa mavuvuzela, upinde wa uwanja mpya ulionekana kutoka barazani kwetu, na wateja wa Maman Clarisse walisukwa kwa rangi za bendera za nchi ambazo hawakuweza kuzionyesha kwenye ramani. Siku chache tu kabla ya kuanza, Anko alikuja mbio katikati ya wiki, bila hata bani chow, akamwamuru Dieudo afungue kompyuta. Huko Amerika mrushaji mmoja alikuwa amewatoa wapigaji ishirini na sita kwa ishirini na sita. Wa ishirini na saba, wa mwisho kabisa, akakimbia kituo cha kwanza, mpira ukamtangulia kwa hatua nzima, na refa akasema hajatoka. Tuliona kwenye picha ile ya polepole: alikuwa ametoka, hata tumbili wa paani angeona. Baadaye refa alitazama picha, akakiri kwamba amekosea, akalia. Mrushaji akasema hakuna mtu asiyekosea, na kesho yake akaenda kumkabidhi refa yule karatasi ya majina ya wachezaji mbele ya watu wote, ishara ya kumsamehe. Wakubwa wa ligi wakakataa kubadilisha. Kitabu kikabaki kilivyo.

Nyumba yetu iligawanyika kwa wiki mbili. Dieudo alitupa soksi kwa hasira mpaka mlango wa kabati ukapinda. Maman Clarisse alisema refa aliyelia amekwisha samehewa mbinguni, lakini hapa duniani wampe mtu chake. Mimi nilisema kitabu ni kitabu, ukianza kukifuta kwa huruma hutajua pa kuishia. Nilisema kwa sauti kubwa, nikiwa na kijiko cha ugali mkononi, na sijui kwa nini hakuna aliyenirushia kitu. Lakini nyuma ya kelele za besiboli barazani kulikuwa na maneno mengine yaliyosemwa taratibu. Ilivumishwa kwamba Kombe likiisha na wageni wakubwa wakiondoka, sisi wageni wadogo tutafukuzwa kama ilivyotokea miaka miwili nyuma. Nilisikia mteja mmoja akimwambia Maman Clarisse aweke sanduku karibu na mlango. Aliliweka. Kombe likaisha, wiki zikapita, sanduku likageuka kuwa meza ya kuwekea vitana, lakini Maman Clarisse alibaki na jicho la kutazama nani anamkwepa nani.

Sasa nifike kwenye mechi yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka, joto limeanza, nyasi za uwanja bado zina unyevu wa mvua ya usiku. Kufika awamu ya sita, timu ya Dieudo ilikuwa mbele kwa mbili bila, na katika kitabu changu, kwenye safu ya mapigo ya upande wa pili, hapakuwa na kitu. Hapo lazima nieleze desturi moja ya mchezo huu. Mrushaji akifika mbali hivyo bila kupigwa, hakuna anayelitaja jambo hilo. Hakuna anayeketi karibu naye, hakuna anayemsemesha, hakuna hata anayemtazama sana, kwa kuogopa kumtia nuksi. Anko alinionya tangu zamani kwamba hata mwandishi anapaswa kuwa na uso wa mtu anayengoja basi. Kwa hiyo Dieudo aliketi pembeni kabisa ya benchi, taulo kichwani, na wenzake wote wakajibana upande wa pili wakijifanya wanafunga kamba za viatu.

Ni wakati huohuo Maman Clarisse alipofika uwanjani kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alikuwa ametoka ibadani na wanawake watatu wa kanisani, wote na vitenge vya sare, wamebeba masufuria yaliyofungwa kwa vitambaa. Alitaka kumshangaza mdogo wake. Alisimama kwenye wavu, akatazama benchi, akamwona mtoto wa mama yake ameketi peke yake kama mfiwa, na Wazungu na Wahindi na Wazulu wote wamempa mgongo.

"Mungu wangu!" nikamsikia. "Muone! Banamukimbia kama mutu wa tuberculose!"

"Ni juu ya sisi ni bageni," akasema mwenzake.

"Leo batanijua."

Sikuwahi hata kusimama. Alikwisha pita lango dogo na sufuria kichwani, akaingia hadi kwenye benchi, akaketi ubavuni mwa Dieudo, mahali ambapo hakuna kiumbe aliyethubutu kuketi kwa saa nzima, na akaanza kumpakulia fufu, ule ugali wao wa muhogo. Mchezaji mmoja kijana wa Morningside alifunika uso kwa glovu. Mwingine alisema "eish" taratibu kama mtu aliyeona gari likiteleza. Maman Clarisse akasimama akawahutubia kwa Kiingereza cha saluni kwamba huyu naye ni mtu, ana dada, anakula, anaoga. Wakamtazama wakiwa wamekufa ganzi, kwa sababu kumweleza kosa lake kungebidi walitaje lile lisilotajwa.

"Yaya," Dieudo akamwambia dada yake kutoka chini ya taulo, "minakuomba, nenda."

"Siende! Kula!"

Akala matonge mawili, akaenda kurusha. Awamu ya saba, hakuna pigo. Ya nane, hakuna pigo. Nikaanza kufikiri fufu ile ina dawa. Anko, aliyesimama nyuma ya mpigaji, alikuwa akipepesa macho kama mtu aliyeingiwa na mchanga. Awamu ya tisa, ya mwisho, Dieudo akamtoa wa kwanza. Walibaki wawili tu. Wawili, na jina lake liende kwenye ubao. Nikachonga penseli, na hapo ndipo nilipoona kitenge kimenijia mbele.

"Weye Mutanzania," Maman Clarisse akasema, sahani mkononi, hasira machoni. "Uko hapa kila dimanche, kila siku ya Mungu. Unaona bale banamutendea hivi mutoto yangu, na unanyamaza?"

"Mama, si hivyo, tafadhali sogea, nitakueleza..."

"Eleza sasa! Shika sahani!"

"Siwezi kueleza sasa! Siruhusiwi!"

"Nani anakukataza kusema?"

Nikasikia gongo la mpigaji likigusa mpira, sauti ndogo, ya kukwaruza. Nikasikia kelele. Nilimsukuma Maman Clarisse kwa mikono miwili, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu wa umri wake, na nilipopata kuona, mpigaji alikuwa amesimama kwenye kituo cha kwanza anahema, na Dieudo alikuwa hatua chache mbele ya sehemu yake, mpira mkononi, anatazama chini. Mpira ulikuwa umebingirika kwake. Kwake mwenyewe. Kwa hiyo kama aliuvuruga, lilikuwa kosa lake, na kosa lake lingemwacha bila pigo na ndoto yake ikiwa hai. Kama ulikuwa mpira wa kutokamatika, lilikuwa pigo, na yote yamekwisha. Na mimi sikuona.

"Error! Error!" wenzake Dieudo wakapiga kelele, wakitaka liandikwe kosa.

"Hit!" wakajibu wa upande wa pili, wakidai ni pigo, na nahodha wao akaja hadi kwenye wavu, akaweka vidole vyake kwenye nyaya. "Huyu anakaa nyumba moja na mrushaji," akawaambia watu wote kwa Kiingereza. "Sasa tutaona."

Nilimtazama Anko. Alikuwa anatazama mstari wa mpaka wa uwanja, kazi yake, na hata kama angekuwa ameona asingeruhusiwa kuniambia. Nilikuwa na njia rahisi. Niandike kosa, watu waseme watakavyo, nimpe Dieudo ubao wake. Au niandike pigo, nionekane mwadilifu, nilinde kiti changu kwa jambo ambalo sikulijua. Zote mbili zingekuwa uongo, na niliogopa kiasi kwamba machozi yalianza kunitoka kabla sijaamua lolote. Nikaomba mchezo usimamishwe. Nikaingia uwanjani na kitabu kifuani, kwa viatu vyangu vya kanda mbili, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyewahi kufanya, nikatembea hadi kwa Dieudo.

"Dieudo, sikuona," nikamwambia kwa Kiswahili.

"Haukuona?"

"Dada yako alinizibia. Niambie kweli. Ungeweza kumtoa?"

Alimtazama dada yake, aliyekuwa bado ameshika sahani. Alimtazama nahodha wa wale wengine kwenye wavu. Kisha akatazama penseli yangu, akaugeuza mpira mkononi.

"Hapana," akasema. "Ile mupira ilizunguka ku majani. Hakuna mutu angeikamata. Andika ni pigo, dada."

"Una hakika?"

"Andika."

Nikaandika palepale, nimesimama katikati ya uwanja, nikainua kitabu na kutangaza. Wenzake wakatoa mlio wa mtu aliyekanyagwa. Nahodha wa upande wa pili aliondoa vidole kwenye wavu, akavua kofia, akaniambia "sharp, sister", yaani safi kabisa, na tangu siku hiyo hadi naondoka Durban hakuna aliyeuliza tena naishi na nani. Dieudo akawatoa wawili waliobaki kwa mipira michache tu, kana kwamba alikuwa na haraka ya kwenda mahali. Timu ikashinda. Mechi ya pigo moja haina ubao.

Tulikula chakula chote kile kwenye nyasi, timu zote mbili, na Anko akamweleza Maman Clarisse ile desturi ya kunyamaza. Alisikiliza hadi mwisho, akafunika mdomo kwa kitenge, akasema "Mungu wangu! Kumbe njo mapenzi hiyo?" kisha akacheka mpaka wenzake wakamshika, na katikati ya kicheko akaanza kulia kwamba amemharibia mdogo wake. Dieudo akamkumbatia, akamwambia fufu ndiyo iliyompeleka mpaka awamu ya tisa. Tangu hapo kila Jumapili asubuhi Maman Clarisse hakumsemesha Dieudo neno lolote, hata alipomwomba chumvi, akiamini sasa ameijua kazi. Msimu ukaisha bila bahati nyingine. Mwaka uliofuata Dieudo akarudi kwao kufungua duka lake, nami nikamaliza masomo nikarudi Tanga, na kwa miaka yote hii, kila ninapomkamata mwanafunzi ananakili, namsimulia habari ya rafiki yangu Mkongo aliyesema kweli ingawa kweli ilimnyang'anya alichokitaka kuliko vyote.

Nilimwambia Dieudo hivyo pale harusini. Nilidhani atafurahi. Akaacha kutafuna, akafuta vidole kwa kitambaa cha meza, kimoja kimoja.

"Dada Rehema," akasema, "ile mupira ilikuwa mu glovu yangu. Yote. Niliikamata, kisha niliangalia ule mutu mbio-mbio, ikanitoka. Mutoto wa miaka kumi angemutoa."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama, hakuwa ananitania.

"Basi lilikuwa kosa," nikasema. "Ulikuwa umepata! Wote waliobaki uliwatoa. Ulikuwa umepata mechi yako!"

"Nilipata."

"Sasa kwa nini ulisema hapana?"

"Uliona vile balikuwa banakuangalia? Mimi nikisema ndiyo, banasema mwanamuke wa nyumba yake amemupa. Dimanche ingine beko na mwandishi mupya." Akainua bega la kushoto, lilelile la kurushia. "Mimi nilikuwa na mukono, nilijua nitapata ingine. Weye ulikuwa na kile kiti tu."

Hakupata ingine, na wote wawili tulilijua hilo. Nilikasirika kwanza, nakiri, kwa sababu mimi nisiyevumilia jumla iliyokosewa nilikuwa nimeandika uongo kwa mkono wangu na kuufundisha darasani kwa zaidi ya miaka kumi. Nikampiga bega kwa ngumi, soda ikamwagika juu ya suti yake ya buluu. Kisha nikashindwa kujizuia, nikalia mbele ya wageni wote, kwa sauti, na shangazi wa bwana harusi akaja mbio na kitambaa, akanishika mabega akinibembeleza, "Pole mama, wasichana huolewa, ndiyo dunia," akidhani mimi ndiye niliyemzaa bibi harusi. Nikamshukuru, nikapenga kamasi, nikamwacha aamini hivyo.